Uzi wa Mwaka Jana

Nyumbani kwetu Krismasi haianzi kanisani wala jikoni. Huanza mlangoni, kwenye mwimo wa mlango wa chumba cha cherehani, pale mtoto anaposimama bila viatu, visigino vimegusa ubao, kidevu kimenyooka, pumzi ameibana kama anayesikiliza siri. Mama anashusha uzi kutoka utosini hadi sakafuni. Mwisho wa uzi amefunga subana, kile kikofia cha chuma anachovaa kidoleni asichomwe na sindano, ili uzi usiyumbe. Subana inagusa sakafu: ti. Mkasi unajibu: kacha. Na urefu wote wa mtoto, mwaka mzima wa kula na kulia na kukataa kulala, unabaki mkononi mwa Mama, mwepesi kiasi kwamba dirisha likiachwa wazi unaweza kupeperuka.

Uzi huo unaviringwa ukawa kidonge kidogo, unafungwa kitambaa cha rangi ya mwenyewe, unaning'inizwa kwenye tawi kavu tulilolisimamisha ndani ya debe la mchanga. Sikukuu ikiisha, vidonge vinalala kwenye kopo la biskuti. Mwaka unaofuata, wiki moja kabla ya Krismasi, vinaamshwa na kurudishwa tawini. Alasiri ya mkesha, kila mtoto anafungua uzi wake wa mwaka jana, anaulaza juu ya meza ya kukatia kando ya uzi mpya, na nyumba nzima inainama kuona amekua kiasi gani. Hiyo ndiyo zawadi. Kuna nyumba zinapeana midoli. Sisi tunapeana vidole viwili, vidole vitatu, na mwaka wa heri, vidole vinne.

Mwaka huo kulikuwa na mtoto asiye na uzi.

Alikuwa binti wa dada yangu, anakaribia miaka sita, aliyeletwa kwetu katikati ya mwaka na begi moja na barua moja. Dada alikuwa amepata kazi ya upishi kwenye meli ya mizigo, na meli haipakii watoto. Simu yake ilishika pale tu meli ilipofika bandari, na bandari zenyewe zilikuwa chache. Mtoto alizoea kuuliza asubuhi, kama wengine wanavyouliza kuna nini cha kula, "Leo mama yuko bandari gani?" Tulimjibu, "Yuko katikati." Akawa anaamini Katikati ni mji.

Mama na dada walikuwa hawajazungumza vizuri kwa miaka saba. Dada alikataa cherehani, akaondoka bila kuaga. Mama hakumfukuza, lakini hakumwita. Kila mmoja alingoja mwenzake aanze. Kiburi katika ukoo wetu ni kama pua: kila mtu anayo, na kila mtu anaiona ya mwenzake tu. Mimi, kitinda mimba, nilirithi kubwa kuliko wote.

Watoto wengine wa nyumba walikuwa wa kaka yangu, na Mama alikuwa amewabatiza wote kwa vitu vya kazi. Msichana wa miaka tisa, mwembamba na mkali wa ulimi, alikuwa Sindano. Mvulana wa miaka saba, mviringo kila upande, Kifungo. Mdogo wa miezi kumi na mitatu, Pamba. Huyu mpya wao walimwita Mgeni, si kwa ubaya, ila jina likikaa siku tatu linaota mizizi.

"Bibi," alimuuliza Mama siku moja chini ya cherehani, "mimi ni nani?"

"Jina halishonwi kwa pupa," Mama alimjibu, mguu haukuacha kukanyaga. "Litakuja lenyewe."

Wiki moja kabla ya Krismasi tuliamsha tawi. Kazi yangu mimi ilikuwa nyota. Nyota yetu ni ya kadibodi mapande matatu, imevikwa karatasi ya kung'aa, nzito kuliko inavyofaa nyota kuwa, na huning'inia kwenye ndoano ya dari juu ya tawi. Nilipanda kigoda. Mgeni alisimama chini ameishika kwa mikono miwili, amekunja uso kama aliyekabidhiwa mtoto wa mtu.

"Usiiangushe."

"Mjomba, nyota zinaanguka?"

"Za wengine. Yetu hapana."

Nilinyoosha mkono rafuni, kwenye kopo la vifungo. Hapa lazima nieleze kopo lile. Mama alijifunza ufundi bila kujifunza tarakimu. Futi yake ni uzi: fundo la kwanza shingo, la pili bega, la tatu kiuno, la nne goti. Wateja wa mbali wanamtumia uzi wenye mafundo ndani ya bahasha, naye anashona nguo inayomkaa mtu ambaye hajawahi kumwona. Nguo ikishatoka, uzi unatupwa kwenye kopo la vifungo. Uliomo humo umekwisha kazi, na mwenye haja anachukua. Mimi ni mtu wa futi ya namba, na nyuzi zile nilizidharau kidogo, kama kijana anavyodharau kitu kilichomlisha.

Niliingiza vidole nikavuta mmoja: mnene, wa buluu iliyopauka, wa aina ya kushonea magunia, una vinundu vinundu. Nikasema moyoni, mteja fulani huyo, kanzu yake ilikwisha zamani. Nikaupitisha kwenye ndoano, nikaufunga kwenye nyota. Ukazidi. Mkasi ulikuwa mbali, mezani, hatua nne nzima. Nikaukata kwa meno.

Kwetu uzi haukatwi kwa meno. Mama anasema, "Mwenye kukata kwa meno, meno yatamuumbua." Lakini alikuwa uani anaanua nguo.

Kipande kilichobaki nilimfunga Mgeni mkononi.

"Hii nini?"

"Bangili. Ya aliyeshika nyota bila kuiangusha."

Aliigusa kwa kidole. "Ina kinundu."

"Hicho ni kito."

Alicheka, akaondoka ameinua mkono juu kana kwamba bangili ingemwagika.

Siku hiyohiyo, baada ya chakula, Sindano na Kifungo walikaa chini ya tawi wakigombania vidonge vyao vya mwaka jana.

"Wangu mnene," alisema Kifungo. "Nilikuwa mrefu."

"Mnene kwa sababu uliviringwa vibaya. Kama wewe."

"Na wewe wako hauonekani, unatafutwa kwa miwani!"

Mgeni alizunguka debe polepole, akitazama tawi kutoka kila upande. Akaja kwangu. "Mjomba, wangu uko wapi?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi: huna, hukuwepo, mwakani utakuwa nao. Lakini alinitazama kwa macho ya dada yangu, yale yanayosubiri ukosee, na Sindano alikuwa ameshafungua mdomo kunisaidia kujibu. Kitu kikanipanda kifuani. Nikasema, "Upo."

"Wapi?"

"Bibi ameuhifadhi. Utauona mkesha."

"Hee, Ba'mdogo!" alisema Sindano.

"Hee nini? Nimesema upo!"

Basi ukawa upo. Kuanzia pale mtoto yule aliishi wiki moja ambayo sijui niiite wiki au usingizi. Alitembea kwa ncha za vidole. Alikunywa maji kila saa, kwa sababu Kifungo alimwambia mimea inakua hivyo. Usingizi wa mchana alilala chali, amenyooka, mikono ubavuni, asije akajikunja akapungua. Chumba cha cherehani wakati wa adhuhuri huwa kama ndani ya yai: shuka za wateja zinaning'inia dirishani, mwanga unapita ukiwa mweupe na laini, vumbi la pamba linaelea bila kutua. Yeye alilala katikati ya weupe huo, kifua kikipanda na kushuka kwa mwendo wa cherehani, na mara mbili nilimwona akitabasamu amefumba macho.

"Niliota uzi wangu," aliniambia alipoamka. "Ulikuwa unatembea juu ya maji. Unamtafuta mama."

"Ukampata?"

"Ulikuwa mfupi. Nikaamka."

Nilijua basi kwamba nimejifunga mwenyewe. Mtu mwingine angeenda kwa Mama akasema, nimesema uongo, nisaidie. Mimi nilienda jikoni. Nilikata uzi mweupe mpya, nikaukadiria kwa jicho: shibiri nne, mfupi, ili mtoto akipimwa aonekane amekua kuliko wote, avimbe kichwa siku nzima. Na kwa kuwa uzi wa mwaka jana hauwezi kuwa mweupe wa leo asubuhi, niliuchovya kwenye kikombe cha chai ya rangi.

Shemeji, mke wa kaka, akaingia na Pamba mgongoni.

"Siku hizi unakunywa chai yenye nyuzi, shemeji?"

"Naupaka umri."

Alichungulia kikombe, akanitazama, akaelewa. Shemeji anaelewa upesi; ndiyo maana kaka hufika nyumbani na hadithi fupi.

"Ukimaliza uniambie kama kuna chai ya kuondoa umri. Nina ndita hapa." Kisha akashusha sauti. "Usifanye hivyo. Kipimo si shairi, ukikaze mpaka kitoshe mizani."

"Mtoto anataka furaha, si kipimo."

"Umemuuliza?"

Niliukausha uzi juu ya birika, nikauviringa, nikaufunga kitambaa chekundu, na asubuhi ya mkesha kilikuwepo kidonge cha nne tawini, kinabembea kama kilichozaliwa pale.

Alasiri ya mkesha manyunyu yalianza, yale yasiyolowesha mtu ila yanasogeza kila kitu mbali. Mtaa ulinyamaza. Kaka alikuwa zamu kwenye tanuri la mikate, kwa hiyo tulikuwa sisi: Mama na mkasi wake shingoni kwa utepe, Shemeji, watoto, na mimi. Mimi ndiye mtangazaji. Kila mtoto akishapimwa natoa ubeti wa mistari miwili, na usipochekesha natozwa kuosha vyombo.

Pamba alipimwa amelala, akajaribu kula subana. Akafuata Sindano. Vidole vitatu. Nikatangaza:

"Sindano yetu nyembamba, jana ilifika meza,
leo yaigusa kamba, na nguo yaning'iniza."

"Kumbe unanitafutia kazi!" alisema Sindano, lakini masikio yalikuwa yamemng'aa.

Kifungo alisimama mlangoni akijivuta hadi shingo ikatoka mishipa. Mama alimgonga utosini kwa kidole, akashuka. Vidole viwili na nusu.

"Kifungo cha shati gani, hakitoshi tundu lake?
Kumbe hulala jikoni, na kijiko ni mwenzake."

Shemeji alicheka mpaka akakaa. Kifungo aliuliza kama hilo ni tusi au sifa, akaambiwa aamue mwenyewe, akaamua sifa.

Ikabaki zamu moja. Mgeni alinyoosha mkono, akachuma kidonge chenye kitambaa chekundu kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayechukua yai chini ya kuku. Mama alikitazama kidonge kile. Nilimwona anakitazama.

Mtoto alifungua. Uzi ukajikunjua juu ya meza, mfupi, wa kahawia, na mimi nilishavuta pumzi nitoe ubeti nilioutunga kwa siku mbili.

Kifungo akainamisha pua. "Unanuka chai."

"Nyamaza."

"Unanuka, Ba'mdogo! Chai kabisa!"

Mgeni hakumsikiliza. Aliuchukua uzi, akakanyaga ncha moja kwa kidole gumba cha mguu, akavuta ile nyingine juu, ukakaza kando ya mguu wa meza. Uliishia chini ya ubao. Akauangalia. Akauangalia ubao.

"Mwaka jana," alisema, "nilikuwa naweka kidevu mezani kwa mama. Kulikuwa na sahani ya buluu. Na limau. Niliona." Akauachia uzi, ukaanguka bila sauti. "Huyu haoni meza. Huyu sio mimi."

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alipiga magoti, akaingia chini ya meza ya kukatia, kwenye vipande vya vitambaa, akaketi huko akiwa ametupa mgongo.

Manyunyu yaliendelea. Mama aliokota ule uzi, akaupitisha puani. "Nani kauchovya?"

Shemeji alitazama dari. Sindano alitazama Kifungo. Na mimi, niliyezoea kupanda juu kwa neno dogo, niliyewahi kumaliza mwezi bila kusemeshana na kaka kwa sababu ya pasi, nilisikia kiburi kikija kama kawaida yake, kikafika kooni, kikakuta hapana pa kukaa.

"Ni mimi, Mama. Nilimwambia upo. Nikasema wewe umeuhifadhi. Nilidanganya."

Nilingoja anichape kwa ulimi. Badala yake Mama alikaa kwenye kiti cha cherehani, akaweka mikono yote miwili juu ya mapaja. Sijawahi kuona mikono ile ikiwa haina kitu.

"Hukudanganya," alisema.

"Mama?"

"Uzi wake ulikuja. Mwaka jana, siku kama tisa kabla ya sikukuu. Dada yako alitia kwenye bahasha. Shemeji yako ndiye aliyenisomea."

"Ni kweli," alisema Shemeji, kwa sauti ndogo. "Akanikataza nisiseme."

"Aliandika, 'Mama, huu ni uzi wa Krismasi wa mwanangu. Mning'inizie tawini. Ukipenda, umshonee na gauni.'" Mama aliyasema maneno hayo bila kukosea hata moja, na nikajua ameyasema mara nyingi peke yake. "Mimi nikasema, aje mwenyewe, amlete mtoto nimpime kwa mkono wangu. Sikuuning'iniza. Nikauweka kwenye kopo la vifungo ili nisiuone."

Chini ya meza kitu kilisogea.

Mama aliinuka, akalishusha kopo, akalimwaga mezani. Vifungo vilitawanyika vikiruka, vyeusi, vyeupe, vya shaba, na kati yake vipande vya nyuzi. Tulitafuta wote, vichwa vikigongana. Mama alizitenga nyuzi moja moja.

"Haumo. Nani kaja kwenye kopo langu? Ulikuwa mnene, wa gunia. Wa buluu. Dada yako hakuwa na uzi mwingine huko."

Sikuhitaji kufikiri. Nilitazama juu. Na wote, kwa kufuata uso wangu, wakatazama juu. Nyota ilikuwa inazunguka polepole katika mwanga mweupe, imening'inia kwa uzi wa buluu.

"Mjinga mimi," nilisema.

"Hilo tutalitungia ubeti," alisema Shemeji. "Panda kigoda!"

Nilipanda. Niliifungua nyota kwa kucha, nikaishusha, nikampa Mama uzi wake. Aliupitisha kati ya vidole, macho amefumba, kama anavyosoma vipimo siku zote. "Moja. Mbili. Tatu." Akafika mwisho. "La nne liko wapi?" Alipapasa ile ncha, ncha iliyochanika, yenye nyuzinyuzi zilizokaukia mate ya wiki nzima. Akafumbua macho. "Huu umekatwa kwa meno."

Uzi wenye mafundo matatu ni mtoto asiye na miguu. Ungeweza kumwonyesha shingo yake na kiuno chake, lakini usingeweza kumwambia alikuwa mrefu kiasi gani, na kipimo kilichokatika Mama hakikadirii. Aliwahi kumrudisha bwana harusi kwa sababu hiyo.

Ndipo mkono mdogo ukatoka chini ya meza.

"Fundo moja liko hapa," ilisema sauti. "Mjomba alisema ni kito."

Mama alipiga magoti. Magoti yale yanauma; hayapigwi hovyo. Aliushika mkono ule, akaigeuza bangili pole pole hadi kinundu kikafika chini ya kidole gumba chake.

"Hili," alisema, akigusa nilipofungia, "ni la mjomba wako. La ovyo. Na hili ni la mwanangu. Mara mbili, halafu unalibana kwa ukucha. Nilimfundisha mwenyewe, alikuwa kama wewe." Akainama zaidi, akachungulia kule gizani. "Toka, mjukuu wangu. Bibi amekosa. Toka tukupime."

"Na Mjomba amekosa."

"Mjomba amekosa mno."

"Na meno yake."

"Na meno yake."

Akatoka.

Mama alifungua bangili, akaunganisha vipande viwili, akaulaza uzi wote wa buluu mezani, umekandamizwa na pasi upande huu na pasi upande ule. Mgeni alisimama mlangoni. Hakujivuta. Alisimama tu, visigino kwenye ubao, mikono imetulia, akitazama mbele ambapo hapakuwa na mtu. Uzi mpya ulishuka kutoka utosini mwake. Nilikuwa nimeuona uzi ukishuka mara mia, kwangu, kwa dada, kwa watoto wa kaka, lakini safari hii niliona kama haufiki, kama unapita kwenye kitu kirefu kuliko mtoto, na chumba chote na manyunyu na vumbi la pamba vikaungoja.

Ti, ikasema subana.

Kacha, ukajibu mkasi.

Nyuzi mbili zikalala pamoja, wa buluu na mweupe. Vichwa vyote vikainama. Mama akaweka vidole kwenye tofauti.

"Vinne," alisema.

"Vinne!" Kifungo aliruka. "Kanishinda!"

"Ngojeni. Fundo la kuungia limekula." Mama akapima fundo kwa ukucha. "Nusu kidole. Toeni nusu. Vitatu na nusu."

"Hata hivyo kanishinda," alisema Sindano, akajifanya hajali.

Mtoto alipitisha kidole kando ya uzi wa buluu, kutoka pasi hadi pasi, akisimama kwenye kila fundo. "Hapa ni shingo?"

"Shingo."

"Na hapa mama alishika?"

"Alishika kila mahali, mjukuu wangu. Uzi haufungwi kwa mbali."

Nilikohoa. Nilikuwa na deni la ubeti, na ule wa siku mbili ulikuwa umeoza mdomoni. Nikaanza kutafuta mwingine. Mtoto alinikata kwa kuinua kiganja.

"Usiseme, Mjomba. Hesabu vidole tu."

Nikahesabu. Kimoja, viwili, vitatu, na nusu. Alinifanya nirudie mara mbili.

Mama alikuwa tayari kabatini. Alitoa kitambaa cha manjano kilichokunjwa kwa karatasi, kilichokuwa kimekaa humo, nadhani, kwa mwaka mmoja na siku kama nane. Alivisukuma vifungo kando, akakilaza mezani, akachora kwa chaki, akakata bila kuuliza mtu. Gauni lilianza kutoka chini ya mkasi kama linalokumbukwa, si linaloshonwa. Chini aliacha kitambaa kingi, upana wa kiganja, kisha akahamia kwenye cherehani.

"Mbona unaacha kingi hivyo, Bibi?"

"Hili ni pindo. Tunalikunjia ndani. Ukikua mwakani, tunalishusha, gauni linakua na wewe."

Mtoto alifikiri. "Kwa hiyo mwakani nipo hapa ndani?" Aligusa mkunjo.

"Upo humo. Umekunjwa tu."

"Basi mimi ni Pindo."

Mguu wa Mama ulisimama kwenye pedali. Sindano akasema ni jina zuri kuliko lake, na kwamba yeye hakuulizwa. Mama akacheka, kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu dada aondoke, akamwambia, "Basi wewe ni Pindo," na cherehani ikaendelea.

Bila kuinua kichwa akanisemesha na mimi. "Wewe unayejua kuandika. Mwandikie dada yako."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie uzi umefika."

"Akiuliza ulifika lini?"

Alikunja pindo, akalishika kwa pini. "Mwambie umefika. Na mwambie mlango upo palepale. Aje nimpime na yeye."

Uzi wa buluu uliviringwa pamoja na ule mweupe, ukafungwa kitambaa cha manjano, ukaning'inizwa tawini mahali pa juu. Nyota ikabaki chini, imelala kwenye kiti, haina pa kushikia. Nilichukua kopo la biskuti, nikachimba hadi chini kabisa, kwenye vidonge vya zamani, nikautoa wangu wa mwaka nilipokuwa na umri kama wa Pindo. Ulikuwa mwembamba kuliko nilivyojikumbuka. Niliupitisha kwenye ndoano, nikaufunga kwenye nyota, na mara hii sikuukunja wala sikuukata. Ukazidi sana. Nyota ikashuka chini ya pale ilipozoea, karibu iguse matawi.

"Imeanguka," alisema Kifungo.

"Haijaanguka. Imekuja karibu."

Pindo alisimama chini yake akiwa na gauni la manjano ambalo upande mmoja bado ulikuwa wa pini. Aliruka, akaikosa. Aliruka tena, vidole vikaigusa ncha, nayo ikazunguka, na mwanga wake ukatembea ukutani, juu ya cherehani, juu ya mikono ya Mama, juu ya mwimo wa mlango.

Akashusha visigino, akaipima kwa jicho.

"Mwakani," alisema, "sitaruka."